Kabla hujampa mchoraji maandishi ya bango

Wenye maduka ya karatasi na kalamu hapa Mtwara na Lindi, kabla hujampa mchoraji kazi, kagua herufi moja tu. Duka lako ni "stationery", yenye e. Ile yenye a, "stationary", ni kitu kilichosimama tuli, mfano lori lililoegeshwa. Kwa sikio hutazitofautisha kabisa. Shika hivi: "paper" inaishia na er, na ndani ya "stationery" mna er hiyohiyo. Asili yao ni moja: zamani huko Ulaya muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, asiyetembeza bidhaa, ndiye aliyeitwa "stationer", kwa hiyo si ajabu yakachanganya watu.

Msimu wa korosho, mnaowaandikia wanunuzi wa nje kuweni makini zaidi. "Weight" ni uzito, "wait" ni kusubiri. Ukiandika "wait 80 kg", mara nyingi simu haitakupigia mstari mwekundu, maana "wait" nalo ni neno halali. Soma mwenyewe, polepole, kabla ya kutuma. "Buy" (kununua) na "by" (kwa, na) ni vivyo hivyo.

Sisi Waswahili tuna letu pia, kwa kuwa i yetu ni moja: "live" na "leave". "I live in Mtwara", naishi Mtwara. "I leave Mtwara", naondoka, na anayekusubiri bandarini anaweza kudhani hutakuwepo. Ya kwanza ikate fupi, ya pili ivute.