Kumhamishia sponji kwenye tangi la maji chumvi

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kigamboni: sponji wake amefunikwa utando mweupe na maji yananuka. Nikamuuliza swali moja tu: "Ulimtoa majini?" Kimya. Mimi niliua wawili hivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na uso wa kumgombeza. Jumamosi nikavuka, tukaanza upya.

(Sponji, au sifongo, ni mnyama, ndiyo maana nasema "huyu".)

1. Tangi liwe limekomaa, miezi sita kwenda juu. Joto 25 hadi 27, chumvi 35 kwa elfu. Mengine unayajua.

2. Tumia maji ya bahari yenyewe. Sponji wengi huunda vijisindano vya mwili wao kwa silika (madini yale ya mchanga na kioo, yaliyoyeyuka majini), na wafugaji wa matumbawe huitoa yote wakiogopa ule ukungu wa kahawia kiooni. Mimi kioo nafuta tu. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto. Masika usijisumbue.

3. Mchague mdogo, aliyekwisha kushika jiwe, kutoka tangi la mwenzio. Usimng'oe Bongoyo wala Mbudya, hizo ni hifadhi. Yule mrefu wa rangi ya chungwa anayekuvutia dukani mwache huko huko. Hufa njaa polepole huku ukidhani yu mzima.

4. Kumhamisha. Asiguse hewa hata kidogo. Mwili wake ni vijitundu na mifereji; povu likinasa ndani, maji hayapiti, sehemu ile inaoza, kisha uozo unatambaa. Utaniambia wapo wanaobaki wazi maji yakipwa. Wapo, lakini hao ndio maisha yao. Wako hujui alikotoka.

Mtie kwenye bakuli akiwa bado chini ya maji, hata muuzaji akikuambia "mnyanyue tu umwone vizuri". Nyumbani, dondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba kwa saa nzima, ukichota yale ya zamani bila kumfunua. Kisha zamisha bakuli zima, liinamishe, umtoe. Jiwe lifunge kwa mshipi wa kuvulia humo humo majini. Gundi mimi siiamini.

Nilidhani nimemaliza hapo, kumbe bado. Wa pili wangu hakuguswa na hewa siku ya kuhama, akafa wiki ya tatu. Umeme ulikuwa unakatika: pampu ikizima, maji hushuka kurudi tangi la chini, naye akabaki kichwa wazi. Umeme ukirudi, pampu inatema mapovu moja kwa moja usoni pake. Kwa hiyo kabla ya kumweka, zima pampu, subiri maji yatulie, weka alama kiooni. Akae chini ya alama hiyo, mbali na bomba linalorudisha maji.

5. Kivulini, penye mkondo wa wastani. Mwani ukimwotea utamziba.

6. Fitoplanktoni (vimelea vidogo mno vya kijani vinavyoelea majini, ndicho chakula chake) kidogo kila siku, skima, yaani kile chombo cha kuondoa uchafu kwa povu, ikizimwa kwa muda wa saa mbili. Kidogo kila siku, si kikombe kizima Ijumaa.

Sehemu ndogo ikiwa nyeupe, ikate kwa wembe humo majini, ukiupitisha mpaka kwenye nyama nzima. Ukisikia harufu ya yai viza, mtoe na jiwe lake usiku huo huo, kabla amonia haijawafikia samaki. Hapo hewa haina neno tena.