Jinsi ninavyokagua kura ya mbunge wangu

Mbunge wetu akisimama matangani aseme aliupinga Mswada wa Fedha wa 2024, mimi hufungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala na kura za Bunge. Ingia tovuti ya Bunge la Kenya, tafuta kikao cha Juni 20, mswada uliposomwa mara ya pili: 204 waliunga mkono, 115 wakapinga. Kisha fungua cha Juni 25, mara ya tatu: 195 kwa 106. Soma vyote viwili, jina kwa jina, maana mtu anaweza kupiga kura siku moja na nyingine asionekane. Kutoonekana nako muulize.

Kura nyingi lakini hupigwa kwa sauti tu, bila majina. Hapo tafuta alichochangia kwenye mjadala. Mimi hunakili tarehe na ukurasa, nikaenda na daftari barazani.