Mashine ya presha ya maji moto isikugandie winta

Kwa nyie mnaoosha malori huku Minnesota na mashine za maji moto, baridi ikishuka chini ya 0 ya Selsiasi (yaani 32 ya Farenhaiti) usidanganyike eti ina bena (kichomeo cha dizeli kinachopasha maji) itajipasha yenyewe, ukishazima tu maji yanabaki kwenye pampu, koili (bomba lililojizungusha ambamo maji hupashwa), mipira na bunduki ya kupulizia, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi na hapo chuma kinapasuka. Koili ndo inauma zaidi, bei yake si mchezo.

Dawa namba moja ni kuilaza ndani penye hita. Kama huna pa kuilaza, fanya hivi kila ukimaliza kazi: zima bena kwanza, acha maji ya baridi yapite mpaka koili ipoe, funga bomba, chomoa mpira wa kuingiza maji. Chomeka kampira kafupi ndani ya ndoo ya antifrizi (dawa ya kuzuia kuganda) ya propilini glaikoli (ile ya pinki ya kwenye RV, yaani gari-nyumba, ya gari ni sumu kwa mbwa na watoto), washa pampu bena ikiwa OFF, bana triga mpaka itoke pinki tupu. Mpira wa sabuni nao uunyonyeshe antifrizi, wengi wanausahau.

Na tafadhali sana, ikishaganda usiiwashe! Iingize kwenye joto iyeyuke yenyewe taratibu, halafu kagua kama inavuja ndo uwashe. Dizeli ya bena weka ya winta, ya kawaida inaganda kama uji.