SOMO: Jinsi ya kutoka kwenye wazo la fantasia hadi msuko wa riwaya (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki meseji ni ileile: "Mkuu, kuandika naweza, nipe wazo tu la hadithi ya fantasia." Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Mawazo mnayo. Kinachokosekana ni vitu viwili vya kulifanya wazo litembee: bei ya muujiza na siku ya mwisho. Nitatumia mfano mmoja kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, wa pwani yetu, muone unavyokua.

Mahitaji: daftari, kalamu, na kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hiyo kalenda utaihitaji kweli.

HATUA YA 1. Andika ajabu moja kwa sentensi moja. Mfano wetu: binti wa fundi wa mitepe (vyombo vya baharini vya mbao zilizoshonwa kwa kamba) anaweza kushona upepo ndani ya tanga.

HATUA YA 2. Mpe mhusika anachokitaka, kitu cha kushikika. Baba yake amewekwa rehani Mogadishu kwa deni la shehena iliyozama. Anataka kumrudisha Kilwa.

HATUA YA 3. Chagua mahali na wakati, kisha jifunze kazi za watu wa pale. Nimechagua Kilwa ya karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala inapitia pale na mji unafua sarafu zake wenyewe za shaba. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita mwambao huu mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kwa hiyo njia ya binti wetu ni njia iliyokuwa na watu. Mtepe nao hauna msumari: mbao zinatobolewa kingoni, zinashonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, tanga lake ni la mkeka. Ndiyo maana binti anashona upepo na hauamrishi kwa fimbo. Ajabu iliyoota kwenye kazi ya mikono msomaji anaiamini haraka, maana sindano na kamba anazijua.

HATUA YA 4. BEI NA SHERIA. Hapa msikimbie. Hatua hii ndiyo iliyoniharibia rasimu nzima, na ndiyo inayowaharibia wengi wanaonitumia kazi zao. Mhusika anapewa uwezo, anautumia sura ya 3, anautumia tena sura ya 9, halafu sura ya 15 anafungwa gerezani na uwezo hausemwi kabisa. Msomaji anauliza: kwa nini asitoke kama alivyotoka mwanzo? Swali hilo likikosa jibu, riwaya imekufa hata kama lugha ni tamu.

Andika mambo manne: uwezo unafanya kazi lini, kwa muda gani, unachukua nini, na unamchukulia nani. Mfano wetu: anaweza kushona siku ya bamvua tu, yaani siku za maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila baada ya siku 15 hivi. Anaanza maji yanapoanza kujaa, anamaliza yakijaa kabisa, kazi ya muda wa saa 6 hivi. Kila fundo moja la upepo linachukua jina la mtu mmoja anayempenda. Jina likienda, sura ya mtu huyo inakuwa ya mgeni kwake, lakini yule mtu anamkumbuka yeye vizuri.

Mambo ya kuangalia hapa:

Bei isiwe uchovu. "Alichoka sana, akazimia" si bei, maana usingizi unairudisha. Bei ni kitu kisichorudi.

Bei isilipwe na watu tusiowajua. Kijiji kikiungua ambacho hatujawahi kula chakula chake, msomaji haumii.

Usiieleze sheria kwa mazungumzo ya mzee na kijana sura ya 1. Ionyeshe ikichukua. Binti anakata uzi alfajiri, anaweka sindano chini, anamgeukia kijana aliyeshika usukani tangu Kilwa, anamwambia: "Kaka, samahani, wewe umepandia bandari gani?" Kijana ni ndugu yake, tumbo moja. Anajibu polepole, "Kilwa, dada," kisha anatazama mbele. Hapo msomaji ameielewa sheria nzima na hujaandika hata mstari mmoja wa maelezo.

Na usiivunje sheria kwenye kilele. Hakuna "safari hii tu, kwa nguvu ya upendo, hakusahau." Ukifanya hivyo umemrudishia msomaji machozi yote aliyokwishatoa.

HATUA YA 5. Siku ya mwisho. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka kaskazini. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, vyombo vinarudi. Mdai atasafiri na kusi kwenda Aden, na mtu wa rehani atapelekwa huko. Kwa hiyo binti lazima apande kaskazini wakati upepo wote unashuka. Hakuna nahodha anayeweza. Yeye anaweza, kwa bei.

HATUA YA 6. Piga hesabu, sura zitajipanga zenyewe. Desemba hadi Machi kuna bamvua 8. Bandari ni Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, Malindi, Lamu, Mogadishu: vipande 7 vya safari. Mafundo 7, majina 7, na bamvua moja inabaki. Chora jedwali lenye safu nne: kipande, tarehe ya mwezi, jina linalopotea, na nani anaumia mbele ya macho yetu. Panga majina yaanze mbali yakaribie moyoni. Jirani kwanza, rafiki wa utotoni, shangazi, ndugu. Ukiona majina mawili yanauma sawasawa, moja halina kazi, libadilishe.

HATUA YA 7. Mwisho ulipwe kwa sarafu ileile. Amefika Mogadishu, kusi bado, imebaki bamvua moja, na jina kubwa lililobaki ni la baba aliyemfuata. Andika mwisho wako kutokana na hapo. Usilete jini wala sultani wa kumlipia.

HATUA YA 8. Andika rasimu. Maneno 700 kwa siku kwa siku 100 ni riwaya nzima.

MASWALI

Chuma_Doto: Mkuu somo refu, naomba tu unitumie plot moja iliyokamilika inbox nianze leo.

Mtoa somo: Imo kwenye somo. Hatua ya 1 hadi ya 7.

Chuma_Doto: Nimeona, nilitaka ambayo hajapewa mtu mwingine.

Mtoa somo: Badilisha bei na kazi ya mhusika, itakuwa yako.

Kalamu ya Mkoko: Nina swali la hatua ya 3. Mitepe si ilikuwa ya kule Lamu na Pate, ya Wabajuni? Kilwa inaingiaje?

Mtoa somo: Swali zuri sana. Mitepe ya mwisho ilitengenezwa kweli upande wa Lamu, mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo maana tunaihusisha na kule. Lakini vyombo vya kushonwa vilienea Bahari ya Hindi nzima kabla ya hapo, kwa hiyo Kilwa ya karne ya 14 haina tatizo. Ukitaka kuwa salama zaidi, mfanye fundi awe ametoka Pate akaoa Kilwa. Hapo umepata pia lafudhi tofauti nyumbani, na binti mwenye ndugu Lamu, bandari ya mwisho kabla ya Mogadishu. Jina linalopotea pale litauma mara mbili.

Kalamu ya Mkoko: Aisee, hilo la ndugu wa Lamu nalichukua. Na ni saa ngapi hasa anashona?

Mtoa somo: Wengi wanakosea hapo. Mwambao wetu, siku za bamvua maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa takriban saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwa hiyo ukiandika "usiku wa manane, mwezi mpevu ukiwa utosini, mawimbi yakapiga mlangoni", mvuvi atafunga kitabu, maana saa hizo bahari bado iko mbali. Binti anaanza saa 4 usiku, anamaliza alfajiri. Angalia tena: fundo moja ni la mbalamwezi, linalofuata ni la giza totoro, kwa zamu. La giza atashona kwa kupapasa. Nusu ya mandhari umepewa bure. Na kila siku maji yanachelewa dakika 50 hivi, usiyapange saa ileile wiki nzima.

Bwana Mizani: Hii si fantasia, hii ni historia ya pwani imetiwa chumvi. Fantasia ni majoka, falme, vita vya wachawi.

Mtoa somo: Binti anashona upepo kwa majina ya watu. Hiyo ni fantasia. Joka nalo ni ruhusa, lipe bei na siku ya mwisho kama wengine wote.

Bwana Mizani: Sijasema vibaya, nasema vijana wanapenda vita.

Mtoa somo: Weka vita. Hatua ya 4 inabaki palepale.

Nyanda_za_Juu: Shikamoo mwalimu. Sisi wa bara tusioijua bahari tufanyeje? Mimi niko Kigoma.

Mtoa somo: Marahaba. Wewe una ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470. Chini ya mita 200 hivi maji ya Tanganyika hayana oksijeni, na kitu kikizama huko kinachelewa mno kuoza. Mbegu: mzamiaji anayeweza kufika kule na kurudi na chochote kilichozama, kikiwa kama siku kilipozama. Bei: kila dakika ya huko anakatwa mwaka wa umri wake. Anatafutwa na mama aliyepoteza mtoto ziwani. Siku ya mwisho itoe kwa wavuvi wa dagaa. Wanavua gizani kwa taa, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, hivyo ziwa linabaki tupu siku chache tu kila mwezi.

Na wa Arusha, mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai lava yake ni ya namna ya pekee: haifiki hata nyuzi 600, inatoka nyeusi kama matope, ikikutana na unyevu wa hewani inageuka nyeupe. Mbegu: kinachoandikwa juu yake ikiwa nyeusi kinatimia, mradi kisomwe na mtu kabla haijawa nyeupe. Nani atakubali kupanda kwenda kusoma? Bei ipange mwenyewe.

Nyanda_za_Juu: Mwalimu nimeshikwa na baridi hapa. Naanza na mzamiaji.

Mtoa somo: Andika kwanza alichokipoteza yeye mwenyewe ziwani. Lete sentensi hiyo tuiangalie.

Ua la Asumini: Adui wangu hawezi kuuawa, nimekwama sura ya 20. Nimpe udhaifu gani?

Mtoa somo: Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, alikuwa hadhuriki kwa silaha, ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyempiga ni mwanawe. Tazama mambo mawili pale: udhaifu ni mdogo na mahususi, na anayeujua ni mtu wa ndani ya nyumba. Rudi sura ya 5, uupande udhaifu huo kwenye jambo la kawaida, kama anavyooga au anavyofunga msuli. Ukiutaja mara ya kwanza sura ya 20, utaonekana umeuokota njiani.

Ua la Asumini: Asante. Na mimi narusha kwa sehemu WhatsApp, kila sehemu iishie wapi?

Mtoa somo: Maneno 800 hadi 1,000, na uishie kwenye uamuzi, usiishie kwenye mlango kugongwa. "Alichukua sindano, akachagua jina." Msomaji atasubiri ajue ni jina lipi. Mlango ukigongwa mara tatu mfululizo na kumbe ni jirani, wanaondoka.

Kalamu ya Mkoko: Naongezea hapo, watu waangalie na usiku wa siku. Kwa wazee wetu siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwenye riwaya ya zamani ukichanganya, tarehe za mwezi zinakupotea.

Mtoa somo: Kweli kabisa, na kwenye jedwali la hatua ya 6 ndipo litakapokuumiza. Andika "usiku wa kuamkia", usiache wazi.

Chuma_Doto: Nimebadilisha. Mhusika ni fundi saa wa Kariakoo, akitengeneza saa ya mtu anamwongezea siku. Bei sijapata.

Mtoa somo: Hapo sasa tunaongea. Hizo siku anazitoa kwa nani?

Chuma_Doto: Kwa mteja anayefuata kwenye foleni, bila kujua.

Mtoa somo: Vizuri sana. Sasa andika siku mama yake amesimama kwenye foleni.