Kupanga Upya Diski: Lini Kuna Faida, Lini Ni Kupoteza Muda

Katika steshenari za Mwanga, hapa Kigoma, kompyuta ikianza kusuasua ushauri wa kwanza huwa ni kupanga upya diski, ili vipande vya faili vilivyotawanyika vikae pamoja. Leo usahihi wa ushauri huo unategemea aina ya diski. Kwa hiyo, kabla ya kufanya lolote, andika dfrgui katika sehemu ya kutafutia ya Windows, ufungue dirisha litakalotokea, kisha usome safu inayotaja aina ya kila diski.

Ikiwa ni SSD (solid state drive), yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, usiipange. Haina kitu kinachozunguka ndani yake, hivyo kutawanyika kwa vipande hakuicheleweshi kwa kiasi cha kuonekana, ilhali kila uandishi hupunguza uhai wake. Windows huipelekea amri ya TRIM, inayoiarifu ni maeneo gani yameachwa wazi na faili zilizofutwa, na hiyo yatosha. Programu za kulipia zinazoahidi kuiongezea SSD kasi kwa kuipanga hazistahili, kwa maoni yangu, hata bando la kuzipakua.

Diski ya kuzunguka (hard disk drive), ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za mtumba, ni habari nyingine. Mchukuzi wa Kibirizi anayetumwa kukusanya magunia ya dagaa kutoka stoo tano hawezi kwenda sawa na aliyeyakuta yote mahali pamoja, na kichwa cha kusomea diski kina taabu hiyo hiyo. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kila kipande kilicho mbali huongeza kusubiri.

Hata hivyo, diski inayogonga au kukwama usiipange kamwe, kwa kuwa shughuli hiyo huisoma na kuiandika kwa saa nyingi mfululizo, na diski mbovu inaweza kufia hapo pamoja na kazi za wateja. Nakili kwanza. Diski ikiwa nzima, hakikisha angalau asilimia 15 ya nafasi yake iko wazi, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha uandike defrag C: /A ili upate kipimo cha asilimia ya mtawanyiko. Chini ya asilimia 10, iache. Ikizidi, andika defrag C: na usubiri.

Tangu toleo la Vista, Windows hujipangia kazi hii kila wiki, lakini kompyuta ya steshenari hushinda ikichapa na jioni huzimwa kwenye soketi, kwa hiyo nafasi haipatikani. Iache imewashwa bila kazi kwa saa chache, mathalani Jumapili.

Watumiaji wa Linux hawana haja ya kuhangaika sana, kwa sababu ext4, mfumo wa kuhifadhi faili unaotumika sana katika Linux, huchelewesha kidogo uandishi ili itafute eneo pana linalofuatana. Mwenye shaka aandike e4defrag -c na jina la folda. Amri hiyo hupima tu, kisha humwambia kama kupanga kunahitajika.