SOMO: Kumweleza mtoto wa awali kwa nini tunakula

Kila muhula ukifunguliwa swali ni lile lile: "Mwalimu, somo la chakula nalianzaje?" Naandika hapa mara moja, nimechoka. Nafundisha awali huku Mtwara, watoto wa miaka mitano.

1. Wakimbize uwanjani mpaka waheme.

2. Kila mmoja aweke kiganja kifuani asikie moyo. Uliza: nguvu ya kukimbia imetoka wapi? Mmoja atasema kwa babu. Muache.

3. Toa mfano wa bodaboda: bila petroli haiendi. Ila usiishie hapo. Bodaboda haikui, ikichubuka haiponi. Mtoto kidonda chake kinafunga, jino jipya linaota. Vyote hivyo vinatokana na chakula.

4. Leta vyakula vyenyewe, si picha. Muhogo wa kutia nguvu, dagaa na kunde za kujenga mwili, kisamvu na embe vya kuulinda. Makundi yote ya vyakula waachie wakubwa.

5. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimsimamisha kila mtoto aseme amekula nini asubuhi. Chai na maandazi, uji, chapati. Nikafika kwa binti wa nyuma. Akashika kifungo cha sare, akakizungusha, akakizungusha, kisha akasema "pilau". Ilikuwa mwezi wa pili, mashamba bado, ghala nyingi tupu. Darasa zima likacheka. Wakamwita Pilau, na wiki iliyofuata hakuja shule. USIULIZE mtoto amekula nini leo. Uliza anapenda chakula gani. Na somo lifanyike baada ya uji wa shule, si kabla.

MASWALI

Kijana wa Kusini: Mwalimu nirushie andalio la somo.
— Liko hapo juu. Hatua tano tu.

Teacha Mpya: Nikiwauliza walichokula asubuhi ili nipate mifano, kuna ubaya?
— Hatua ya 5. Isome, ndugu yangu, niliiandika kwa aibu.

Mama Wawili: Wangu kaniuliza, bodaboda ikizimwa haili mafuta, mbona yeye akilala anaamka na njaa? Nilikwama.
— Dada, huyo mtunze! Mwambie mtu akilala hazimwi, anapunguza mwendo tu. Baba yake akisinzia, mtoto aweke sikio kifuani asikilize: moyo unadunda, pumzi zinaingia, mwili una joto. Vyote vinakula mafuta.

Ustadhi: Na Ramadhani? Wanaona wazazi hawali kutwa na wako wazima.
— Swali zuri, ustadhi. Mwili una akiba: sukari kidogo kwenye ini, na mafuta chini ya ngozi. Mimi huwaambia ni kama mahindi yaliyotundikwa juu ya jiko. Mtu mzima anaifikia futari, mtoto akiba yake ndogo, anaishiwa mapema.

Mkulima wa Nachingwea: Mwalimu, huo muhogo wa darasani uwe mtamu. Mchungu ukitafunwa mbichi una sumu.
— Ahsante sana mzee, nilipaswa kuandika. Ukigeuka tu wameshautafuna.

Mkulima wa Nachingwea: Msimu wa korosho tumia mabibo kwenye kundi la kulinda, yapo bwerere. Korosho yenyewe ing'oe kabla, mafuta ya ganda yanababua ngozi.
— Nayatumia, mzee. Ila wavue mashati kwanza. Doa la bibo kwenye sare nyeupe halitoki, na mama zao watakuja kwangu, si kwako.