Kabla ya Kuchanganya Dawa na Saruji ya Mfupa

Kabla hujafungua pakiti ya saruji ya mfupa, ile inayoshikiza viungo bandia, ili uitie antibiotiki, jiulize: saruji hii inakwenda kubeba mwili, au inakwenda kumwaga dawa? Inayoshikiza nyonga bandia itakanyagiwa uzito kila hatua, kwa miaka. Ile ya kipande cha muda, kinachowekwa baada ya kiungo bandia chenye maambukizi kutolewa, itakaa wiki au miezi kadhaa, na kazi yake kubwa ni kuua vijidudu. Mengine yote yanategemea jibu hilo.

Pakiti ya kawaida ina gramu 40 za unga wa akriliki, aina ya plastiki, na kama mililita 20 za kimiminika. Vikikutana, vinaungana na kuwa kitu kimoja kigumu. Dawa haiungani navyo. Inabaki punje punje ndani, na punje za juu zikiyeyuka huacha vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoipitisha dawa, na ni hapo hapo ufa unapoanzia. Tangu madaktari Buchholz na Engelbrecht wa Hamburg waliposambaza wazo la kutia jentamaisini, aina ya antibiotiki, mwaka 1970, mvutano huo kati ya dawa na uimara haujaisha.

Kwa saruji ya kubeba, kipimo kilichozoeleka ni takriban gramu 1 ya dawa kwa gramu 40 za unga, na tahadhari huanza ukikaribia gramu 2. Kipande cha muda hupewa zaidi ya gramu 3.6, kwa kuwa nguvu si hoja kuu. Kiwango cha ISO 5833 kinadai saruji iliyoganda istahimili mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha shinikizo) 70 au zaidi. Namba hiyo isikupe usingizi. Ni ya kukandamizwa mara moja hadi kuvunjika, ilhali ndani ya mwili saruji huchoshwa kidogo kidogo, na uchovu huo ndio unaoipasua.

Sasa jambo linalonisumbua kuliko yote: jentamaisini ya ampuli, yaani ya maji, ya kudunga sindano. Naielewa hali, unga wa dawa haupo, mgonjwa yuko mezani, ampuli ziko kabatini. Lakini maji hayapatani na akriliki. Hujifungia vifuko ndani yake, na majaribio ya maabara yameonyesha nguvu ikishuka hadi karibu nusu. Kwa saruji ya kubeba, usifanye. Ni heri saruji isiyo na dawa, pamoja na antibiotiki ya mshipani. Hakikisha basi siku moja kabla, si asubuhi ya upasuaji, kwamba dawa ya unga isiyo na vijidudu na isiyoharibiwa na joto la saruji inapoganda ipo, kama antibiotiki ya vankomaisini. Antibiotiki ya rifampisini iache kabisa, maana huizuia saruji kuganda.

Saruji iliyotiwa dawa kiwandani ndiyo bora kwa kubeba, kwa sababu dawa imeenea sawasawa. Ukilazimika kuchanganya mwenyewe, ponda mabonge ya vankomaisini, uitie kidogo kidogo kwenye unga ukiwa bado mkavu, ndipo umimine kimiminika, na uchanganye kwa chombo cha kunyonya hewa. Kwa kipande cha muda ni kinyume: punje kubwa na hewa kidogo husaidia dawa itoke, na chuma ndani hukiongezea uimara.

Joto la chumba nalo. Muda wa saruji kuganda hupimwa kwa nyuzi 23 za Selsiasi, hivyo kiyoyozi kikiwa kimekufa itaganda mapema kuliko ulivyozoea. Ukiiingiza ikiwa imeanza kukakamaa, au damu ikajipenyeza kati ya matabaka, umeidhoofisha hata kama vipimo vya dawa vilikuwa sahihi. Pakiti zihifadhiwe mahali pa baridi, na mtu mmoja ashike saa.

Ulizia figo za mgonjwa na mzio wake wa dawa, hasa kwa dozi kubwa. Mwambie mtaalamu wa usingizi kabla saruji haijaingia, kwani shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Kisha andika kwenye faili jina la dawa na gramu zake. Atakayekitoa kipande hicho huenda asiwe wewe.